Avoka Kumi na Nane

Mti wetu wa avoka uliota kwa ubishi. Tumejenga juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002, na ili kokwa lipate pa kulala nilivunja jiwe kwa sururu siku tatu, kisha nikanunua udongo ulioletwa kwa chukudu. Hiyo ilikuwa 2014. Mwaka jana ndipo ukazaa: avoka 18. Nilizihesabu kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Shida ya avoka ni kwamba hailainiki mtini. Ikomae isikomae, inaning'inia ngumu vilevile, nawe uisome usoni: ngozi ikipoteza mng'ao na kikonyo kikianza kuwa njano, ichume, iache ndani wiki moja au mbili. Haya nilifundishwa na mama mmoja anayeuza soko la Virunga. Ila zake hutoka mashambani, kwenye mvua na majani. Zangu ziko kando ya barabara ya vumbi la volkano, na huku kwetu hata kuku mweupe hana mng'ao.

Basi Jumamosi moja nikatazama juu, nikaona zote zimefifia. Mama mkwe alikuwa anakuja wiki ya pili yake.

"Baba Furaha," mke wangu akasema, "chuma moja kwanza, tuone."

Ushauri mzuri kabisa, ndiyo maana sikuufuata. Niliangusha 17. Ya 18 ilikuwa juu ya bati, ndoana haikufika.

Mama Furaha akazimwagia maji. Zikang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Hakusema kitu. Alizifungia kwenye gunia pamoja na ndizi mbivu, maana ndizi huharakisha, nami nikawa naziminya kila jioni. Siku ya nane zililegea, lakini kwa kukunjamana, kama goti la mzee.

Jumapili ikafika na bugali, sombe, sambaza za kukaanga. Nilipokata avoka, kokwa lilikuwa bado limevaa ngozi nyeupe, nene. Lililokomaa huvaa ya kahawia, nyembamba kama karatasi. Mama mkwe akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Sisi tulimaliza sambaza, yeye anatafuna. Kutema mbele ya mkwe haiwezekani. Mwishowe akameza maji.

"Mukwe wangu, hii mupira iko na chumvi muzuri."

Miezi miwili baadaye, saa nane usiku, bati likapigwa kishindo. Nilijikuta katikati ya parseli, redio mkononi, kiatu mguu mmoja, nina hakika ni Nyiragongo. Tangu ulipuke Mei 2021 hatulali usingizi wa kweli. Mama Furaha akatoka taratibu na tochi, akainama, akaokota. Akaitikisa sikioni kwangu. Kokwa likagonga ndani: ko, ko.

Aliifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge. Siku ya tano niliporudi kazini nilikuta sahani imeoshwa, na dirishani, kwenye kopo la maji, kokwa.