"Itaingia Tu": Namna ya Kununua Breki za Datsun 240Z

Ukitafuta breki za Datsun 240Z kwenye maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, mahali ambapo wengi bado hupaita Grogan, neno la kuogopa si bei. Ni "itaingia tu." Muuzaji anaigeuza pedi mkononi, anaipangusa vumbi kwa kidole gumba, anaiweka kaunta. Si ya gari lako, lakini itaingia tu. Na kweli itaingia, ukiipiga tupa huku na nyundo kule. Mwongozo huu ni wa kukupa majibu ya neno hilo.

Ukitaka kurudi nyumbani na breki za gari la mtu mwingine, mwambie muuzaji "nataka za Datsun", kisha unyamaze. Datsun zilizopita katika barabara zetu ni nyingi, za kubeba kabichi na za kubeba maharusi. Taja gari lako lote: 240Z, umbo la S30, injini L24 ya silinda sita. Namba ya chasisi ya lenye usukani wa kulia huanza na HS30, na la usukani wa kushoto HLS30. Wazee watatabasamu, maana hili ndilo gari lililowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa East African Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Usidanganywe na tabasamu. Mzee anaweza kukuhadithia mashindano yale kona kwa kona na bado rafu yake ikawa na spea za Toyota Probox tupu.

Kwa hiyo nenda na vipimo, na nenda na spea ya zamani ndani ya mfuko. Mbele kuna diski nzima, isiyo na matundu ya hewa katikati, yenye unene wa milimita 12.5 ikiwa mpya. Ikifika 10.5 itoe, hata kama inang'aa kama kioo. Nyuma kuna dramu za inchi 9. Master silinda ya asili ina tundu la inchi 7/8. Mwenye namba hizi mfukoni habishani na mtu. Anatoa kipimo cha venia, anapima, anashukuru, anahamia duka la pili.

Nati za paipu za breki ndizo zinazowaponza wengi. Gari la Kijapani linatumia nati ya milimita 10 yenye thredi za milimita moja. Magari ya Kiingereza ya zama hizo, kama MGB, yanatumia ya inchi 3/8 yenye thredi 24 kwa inchi. Ziweke mbili hizo kiganjani uone: mapacha. Ile ya Kiingereza ukiitia kwenye tundu la Kijapani itazunguka mara mbili tatu, halafu itakaza. Fundi mwenye haraka atadhani imefika, ataongeza nguvu ya spana, na thredi zitaliwa kimyakimya. Hapo gari litatoka gereji likiwa na breki, na litakuwa nazo mpaka siku utakapozikanyaga kwa nguvu zako zote. Nati ya breki izungushe kwa vidole mpaka ikae kitako. Ikigoma vidoleni, spana haina kazi hapo.

Pedi nazo zinasomeka. Tazama ubavuni, karibu na namba za kiwanda, utaona herufi mbili: EE, FF, GF. Ya kwanza inaonyesha pedi inavyoshika ikiwa haijapata moto sana, ya pili inavyoshika ikishachemka. E inashika kidogo kuliko F, na F kidogo kuliko G. Ukiteremka mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya lori, herufi ya pili ndiyo inayokurudisha kwa watoto. Pedi isiyo na herufi wala jina la kiwanda iache pale pale kaunta, hata ukipunguziwa bei hadi uone haya. Na zile kuukuu za miaka hiyo, zilizokaa stoo kwenye boksi lao, nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi. Usizipige tupa, na vumbi lake usilipulize kwa kompresa.

Sasa nikupe habari njema. Wenye 240Z duniani kote wamegundua kwamba kalipa za Toyota Hilux 4x4 ya kati ya 1979 na 1985, zenye pistoni nne, zinakaa kwenye matundu yale yale ya boliti. Zimeandikwa S12+8 kwenye chuma chenyewe. Hilux sisi tunazo, na hapa "itaingia tu" inakaribia kuwa kweli. Inakaribia. Bati la kukinga vumbi itabidi likatwe au likunjwe, paipu zibadilishwe, na kwa kuwa pistoni zimeongezeka, wengi huweka pia master silinda ya inchi 15/16 ya Datsun 280ZX, la sivyo pedali huenda mbali. Angalia kushoto na kulia: nipeli ya kutolea upepo lazima iwe juu. Zikifungwa kinyume, nipeli inakaa chini, na utatoa upepo kutwa nzima huku upepo wenyewe umejikalia juu ya pistoni.

Oili ya breki nayo isiwe ya kukisia. Tumia DOT 3 au DOT 4, kopo ambalo halijafunguliwa, kwa sababu oili hii hunyonya unyevu wa hewa. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo. Nimewahi kufungua master silinda iliyokuwa imeongezwa oili ya injini "kwa dharura". Mipira ilikuwa imevimba na kulainika kama maandazi yaliyolowekwa chai, na hakuna hata mmoja uliookoka, kuanzia juu hadi kwenye magurudumu. Dharura ile iligharimu breki nzima.

Ukimaliza kufunga, zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Ikishuka kidogo na kusimama, servo inayousaidia mguu wako kukanyaga inafanya kazi. Ikiendelea kuzama, usitoe gari getini.

Na zile kalipa za asili ulizotoa, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Zifunge kwenye mfuko, andika ipi ya kushoto na ipi ya kulia. Atatokea mtu mwenye 240Z akizitafuta duka hadi duka, naye ameshachoka kuambiwa itaingia tu.