Jirani Alidhani Napiga Ramli

Njia za kuitafuta pai ni nyingi, nami kwa uvivu wangu hupenda ile ambayo kazi yote inafanywa na bahati. Unachukua mraba, ndani yake unachora robo ya duara ambayo nusukipenyo chake ni sawa na upande wa mraba. Kisha unaiamuru kompyuta itawanye nukta humo ovyo ovyo, bila mpangilio wowote. Hesabu zilizoangukia ndani ya robo duara, gawanya kwa nukta zote, zidisha kwa nne. Pai hiyo hapo. Programu nzima ni mistari michache, na haimtaki mtu akumbuke hata fomula moja ya kidato cha nne.

Niliiendesha kwa nukta milioni moja. Feni ya laptopu ikavuma, ikatoka 3.1402. Nikairudia, 3.1431. Nikairudia tena, 3.1409. Mpwa wangu wa darasa la saba, aliyekuwa mezani akifanya kazi zake za shule, akachungulia kioo.

"Mjomba, si ni ishirini na mbili kwa saba tu?"

Hapo ndipo pa kuaibikia. 22/7 inaikosa pai kwa kama 0.0013. Nukta milioni moja, kwa wastani wake wa kukosea, huikosa kwa kama 0.0016. Yaani sehemu ambayo Archimedes aliiweka kuwa mpaka wa juu wa pai zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa poligoni ya pande 96 na bila soketi ya umeme, inaishinda mashine yangu. Ili nitoshane nayo nahitaji kama nukta milioni moja na laki saba. Na kila ninapotaka tarakimu moja zaidi ya uhakika, sharti nukta ziwe mara mia ya zile za awali. Hata mkopeshaji wa mtaani hana riba ya namna hiyo.

"Sasa hii njia ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba kuna hesabu zisizo na ishirini na mbili kwa saba yake. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, akiwa anapata nafuu baada ya ugonjwa, alikuwa akicheza karata peke yake akajiuliza uwezekano wa kushinda ni upi. Akaona ni rahisi zaidi kucheza michezo mingi na kuhesabu. Alimshirikisha John von Neumann, na wakaitumia njia hiyo kufuatilia nyutroni katika utafiti wa silaha za nyuklia. Jina la Monte Carlo lilitoka kwa Nicholas Metropolis, kwa sababu mzee mmoja wa ukoo wa Ulam alikuwa akikopa fedha kwa jamaa ili akacheze kamari huko.

"Kila ukoo una mtu wake," Mama akadakia kutoka jikoni. Sikuuliza wa kwetu ni nani.

Umeme wa Luku ukaisha wakati huohuo, na betri ya laptopu yangu ni betri kwa jina tu. Tukaamua kumfuata Buffon, Mfaransa aliyechapisha fumbo lake la sindano mwaka 1777. Nilichora mistari ya chaki kwenye sakafu ya sebule, umbali kati yake sawa na urefu wa kijiti cha meno. Vijiti vikirushwa, kama 64 katika kila mia vitagusa mstari, na 2 ukiigawanya kwa uwiano huo unapata pai. Mpwa akarusha, mimi nikapiga magoti na tochi ya simu. Tulibishana sana juu ya kijiti kimoja ambacho kilichogusa chaki ni kiunyuzi tu kilichochanika nchani. Yeye alitaka kihesabiwe. Katika mia ya kwanza viligusa 61, jibu 3.28.

"Hodi," jirani akasema, naye tayari yumo ndani. Alifuata kibiriti. Aliona giza, mshumaa, mistari myeupe, mtu mzima kapiga magoti na mtoto akinong'ona namba.

"Jamani, kumbe tunaishi na mtaalamu!" Akaketi. Tetea wake mwekundu alikuwa hajaonekana tangu Jumapili.

Nikamwambia tunatafuta namba, tena kila tukirusha inabadilika.

"Ramli gani hiyo, kila ikiulizwa inataja mwizi mwingine?"

Kwa kutetea heshima yangu nikamtaja Mario Lazzarini, Mwitaliano. Mwaka 1901 alitangaza kwamba sindano yake, katika mirusho 3,408, iligusa mistari mara 1,808, akapata 3.1415929. Jirani akaguna kwa heshima. Mpwa, ambaye hana huruma, akachukua kikokotoo: mguso mmoja tu ungeongezeka, jibu lingeshuka hadi 3.1399. Namba ya Lazzarini ni 355/113, sehemu iliyojulikana China tangu karne ya 5, na vipimo vyake, sindano ya sentimita 2.5 kwa mistari ya sentimita 3, vinaileta barabara iwapo miguso ni 113 katika kila mirusho 213. Kwa maoni yangu, mzee yule ama alisimama pale jibu lilipompendeza, ama hakurusha kabisa.

"Kwa hiyo jibu alikuwa nalo kabla hajarusha?" jirani akauliza.

"Ndivyo inavyoonekana, mama."

"Basi nirushie hivyohivyo. Aliyemchukua kuku wangu namjua, nataka vijiti ndivyo viseme."