Jinsi ya Kujua Matokeo ya Mpira Ukiwa Mpanda Bila Kumuuliza Mtu

Njia ya zamani unaijua. Unapita na pikipiki nje ya kibanda umiza pale Majengo, unapaza sauti, "Ngapi ngapi?", na dogo wa mlangoni anakujibu kabla hujashika breki. Haili bando, haitaki nywila. Ndiyo maana haifai. Mtu wa kisasa anamtuma wakala wa akili mnemba.

Kwanza uujue mtambo wenyewe. Modeli ya lugha, yaani kile kinachoongea nawe kwenye simu, ilisomeshwa maandishi mengi hadi tarehe fulani, ikafunga daftari. Matokeo ya jana haiyajui, ila kama wachambuzi wetu wa kijiweni, kutojua hakuizuii kusema. Itakupa 2–1, dakika za mabao na mfungaji aliyeuzwa misimu miwili iliyopita. Kutibu ugonjwa huo mafundi wakabuni zana: kijiprogramu kinachokaa kati ya wakala na hifadhidata ya matokeo. Wakala anataja ligi, timu na tarehe. Zana inachungulia, inarudisha data, wakala anakusimulia. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi wa kuunganisha zana za namna hiyo, unaoitwa MCP, na tangu hapo kila fundi mwenye timu anaona ana deni la kutengeneza ya kwake.

Ukiuliza, taja majina ya kwenye cheti. Hifadhidata haimjui Mnyama wala Wananchi. Inaijua Young Africans. Ukiandika Utopolo itarudi mikono mitupu, nawe utadhani Yanga haikucheza. Simba nao wataje pamoja na ligi, hasa ukiwa mkoa huu. Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa 1974, ina simba wake, na hao hawamo kwenye msimamo.

Halafu kuna saa. Mechi inaanza saa 11 jioni. Hifadhidata nyingi hutunza saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo humo imeandikwa 14:00. Wakala aliyejifunzia Kiswahili vitabuni anaiona 14, anakumbuka kwamba Waswahili huondoa sita, anakutangazia bila kusita: "Saa 8 mchana." Unafunga duka, unaruka chakula, unafika kibandani umelowa jasho. Mwenye kibanda amelala juu ya benchi, runinga imefunikwa kitenge. Saa tatu hizo zitumie kuisifu teknolojia. Ukichoka kusifu, mwelekeze wakala aongeze tatu kwanza, ndipo aondoe sita.

Jaribio la kweli ni mechi ambayo haikuchezwa. Machi 8, 2025 Simba na Yanga walikuwa wakutane. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba wakalalamika kwamba wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakasema hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga wakaenda uwanjani hivyo hivyo. Mechi ikaja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2–0. Sasa muulize wakala matokeo ya Machi 8. Zana iliyofungwa vizuri itasema imeahirishwa. Iliyofungwa ovyo itaacha sifuri kila upande, na wakala, ambaye hapendi kukuacha bila maelezo, atakueleza jinsi mabeki wa pande zote walivyosimama imara.

Usisahau pia kuuliza swali zima. Juni 3, 2023 Yanga waliifunga USM Alger 1–0 kule Algiers, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Zana itasema Yanga imeshinda, na haidanganyi. Ukitoka na vuvuzela hadi stesheni ya treni, juu yako: mechi ya kwanza Dar es Salaam Yanga walifungwa 2–1, jumla ikawa 2–2, na kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini.

Ndondo za Makanyagio au Nsemulwa usizitaje kabisa. Hifadhidata hulishwa na watu wanaolipwa kufuatilia mechi na kubonyeza kila bao, na kwenye vumbi letu hajaja wa kulipwa. Huko muulize bodaboda.

Baada ya kazi yote hiyo, nenda na jibu lako kijiweni kwenye kahawa. Chagua kitu ambacho mtambo hauwezi kukosea, tuseme ile mechi ya Simba na Yanga ya Novemba 5, 2023. Salimia kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Na hiyo simu?"

"Mzee, kuna mtambo humu hauna timu. Unasema Simba moja, Yanga tano."

"Tano? Walifunga tatu. Mbili tuliwapa wenyewe."

"Lakini mzee, zimeandikwa."

"Huo mtambo ulikuwepo uwanjani?"

"Hapana mzee."

"Basi unyamaze, waongee waliokuwepo."

Naye siku ile alikuwa hapa hapa Mpanda, anasikiliza redioni.