Kasongo Yupi, Kasongo Ipi?

Ukiandika neno Kasongo peke yake katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba yenye kumbukumbu zaidi ya milioni 35, usitegemee kupelekwa kwenye mji wa Kasongo, mkoani Maniema, Kongo. Wanaokupokea ni akina Kasongo wenyewe, watafiti wa kila fani waliopewa jina hilo na wazazi wao huko Lubumbashi au Mbuji-Mayi, na ambao huenda hawajawahi kuuvuka mto Lualaba. Katikati yao inajipenyeza Kasongo-Lunda, iliyoko Kwango, mpakani na Angola, pembe nyingine kabisa ya nchi. Ukikasirika ukahamia kwenye mitambo ya kawaida ya kutafutia, mambo yanaharibika zaidi: unakaribishwa na wimbo wa Orchestra Super Mazembe, kisha na Rais William Ruto wa Kenya, ambaye raia wake walimbandika jina la wimbo huo bila kuwaomba ruhusa wenye mji. Mwanafunzi wa afya ya jamii aliyetaka habari za surua katika mji wa babu yake anamaliza mega zote akisoma vichekesho vya Nairobi. Watengenezaji wa hifadhidata wameliona tatizo, na dawa yao ni kuchora. Badala ya kuandika amri ndefu unapewa vijisanduku, orodha za kuchagulia, siku hizi hata ubao wa kusogezea vipande kwa kidole. Nasema wamechora kisichohitaji kuchorwa. Mtu hapotei kwa sababu kisanduku ni kibaya. Anapotea kwa sababu haoni nini kimeachwa nje, na kimeachwa kwa kosa la neno gani.

Chanzo cha balaa ni mtoto wa fundi viatu wa Lincoln, Uingereza, aitwaye George Boole, ambaye mwaka 1854 alitoa kitabu kuonyesha kwamba fikra zaweza kuandikwa kama hesabu. Alifariki mwaka 1864 baada ya kunyeshewa njiani akienda kufundisha, na inasimuliwa kwamba mke wake, akiamini dawa lazima ifanane na chanzo cha ugonjwa, alimtibu kwa shuka zilizoloweshwa maji. Elimu ya Boole imetuachia amri tatu, AND, OR na NOT, nazo zinatutibu kwa mtindo huohuo. Mtu akienda soko la Kasongo akasema anataka mchele na mawese, anarudi na vyote viwili. Akiiambia kompyuta anataka surua AND malale, inampa makala zinazozungumzia magonjwa yote mawili kwa pamoja, yaani karibu hakuna. Anachokitaka kinaitwa OR, amri ambayo kwa mtu wa kawaida inasikika kana kwamba analazimishwa kuchagua mtoto mmoja wa kwenda shule.

Hapo bado hatujafika kwenye mpangilio. Chukua ombi hili: Kasongo AND surua OR malale. (Bila shaka majina ya magonjwa utayaandika kwa Kiingereza, Kiswahili hifadhidata hizi hazikielewi.) PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo inakusanya surua ya Kasongo, halafu inakuongezea malale yote ya dunia, kuanzia Uganda hadi Guinea. Sasa geuza maneno yaleyale: malale OR surua AND Kasongo. Mara PubMed imekuwa na akili, inakuletea magonjwa yote mawili, ya Kasongo tu. Peleka ombi hilohilo katika Web of Science, ambayo hutanguliza AND kuliko OR, na malale ya dunia nzima yanarudi kwa mlango wa nyuma. Scopus nayo, kwa mujibu wa maelekezo yake, hutanguliza OR. Hifadhidata tatu, kanuni tatu, na hakuna hata moja inayokohoa kukuashiria. Direkta wa TFC, yaani kazi ya kuhitimu, akiona bibliografia haieleweki, anapiga mstari mwekundu na kumrudishia mwanafunzi, ambaye anaamini kosa ni lake.

Si lake peke yake. Mwaka 2006 Margaret Sampson na Jessie McGowan walichunguza mikakati 63 ya kutafutia katika hifadhidata ya MEDLINE, iliyotumika katika mapitio ya Cochrane, kazi zinazoheshimiwa kuliko karibu zote katika tiba. Asilimia 90.5 zilikuwa na kosa moja au zaidi, na katika asilimia 82.5 kosa hilo lingeweza kusababisha makala zinazofaa zikosekane. Mwaka 2019 kikundi kingine, cha José Antonio Salvador-Oliván, kikapitia mapitio 137 na kukuta makosa katika asilimia 92.7. Miaka kumi na tatu ya maendeleo ya kompyuta, na hali haikuwa nzuri zaidi hata kidogo. Hawa ni watu wenye umeme, wenye wakutubi waliosomea kazi hiyo, wenye mtandao usiokatika mvua ikinyesha. Kama wao wanateleza hivyo, mwanafunzi wa Kasongo anayetafuta kwa simu juani, akiinua mkono kutafuta mnara, hana sababu ya kuona haya.

Kuchora si jambo geni. John Venn alichapisha duara zake mwaka 1880, na kila mwalimu wa hesabu amewahi kuzichora ubaoni. Duara mbili ni safi, tatu bado zinasomeka. Nne za mviringo kamili haziwezi kabisa kuonyesha makutano yote kumi na sita, na Venn mwenyewe ilibidi azivute ziwe mayai. Utafutaji wa kweli una dhana nne au tano, na kila dhana ina majina kumi, kwa hiyo mayai hayo yanageuka uji. Mwaka 1993, huko Maryland, Degi Young na Ben Shneiderman walijaribu njia nyingine. Walichora data ikitiririka kama maji kupitia vichujio, kila kichujio kikipunguza mkondo. Watu waliowapima walitunga maombi sahihi mengi zaidi kuliko walipoandika amri za kawaida. Hilo ndilo jambo lililonishawishi, kwa maana pale mchoro haukuonyesha umbo la amri, ulionyesha kiasi kinachopita. Baadaye zikaja mbao kama 2Dsearch ya Tony Russell-Rose, ambapo dhana zinakuwa vipande unavyovisogeza na kuvipanga vikundi. Ni hatua nzuri. Kijenzi cha maombi cha PubMed kimebaki nyuma: kila neno unaloongeza linafungiwa mabano pamoja na yote yaliyotangulia, na ukifika neno la sita mabano yamerundikana kushoto hata huoni Kasongo yako imejificha wapi.

Mama wa Kasongo anayepepeta mchele, zao ambalo Waswahili-Waarabu waliojiita Waungwana walilieneza Maniema katika karne ya 19, haangalii uzuri wa ungo. Jicho lake liko chini, kwa kinachoanguka. Makapi yakianguka anaendelea. Punje zikianza kuanguka anageuza mkono palepale. Zana ya kutafutia inayostahili kuitwa ya kuona ingefanya hivyo: kando ya kila kipande iandike makala ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, na ikufungulie mbili tatu za zile zilizotupwa uzitazame usoni.

Kwa nini nasisitiza kilichotupwa? Kwa sababu kusini mwa Maniema ni rahisi sana kutupwa. Nchi yenyewe imekuwa Dola Huru la Kongo tangu 1885, Kongo ya Wabelgiji tangu 1908, Jamhuri mwaka 1960, Zaire mwaka 1971, halafu Jamhuri ya Kidemokrasia tena mwaka 1997. Mpaka mwaka 1988 Maniema ilikuwa ndani ya Kivu, kwa hiyo makala za zamani zinaiweka Kasongo katika mkoa ambao leo haumo. MeSH, faharasa ya istilahi ambayo PubMed inaitegemea, inajua kwamba Zaire ndiyo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na tunaishukuru. Lakini neno Congo tupu kwake ni la wenzetu wa Brazzaville, na neno Zaire ukiliandika ovyo linakuletea kirusi cha Ebola, ambacho kimeng'ang'ania jina hilo miaka mingi baada ya serikali kuliacha. Kwa wanahistoria ni taabu zaidi. Kabambare, ambako mpelelezi Livingstone alilala miezi kadhaa na vidonda vya miguu, yeye aliiandika Bambarre. Mtambo unaojifanya kusahihisha tahajia waweza kukupeleka kwa Wabambara wa Mali. Waliojiita Waungwana, Wabelgiji waliwaandika Waarabu, na wanaakiolojia waliochimba karibu na Kasongo miaka ya karibuni, akina Noemie Arazi, wanawaita Waswahili-Waarabu. Hakuna mchoro, hata uwe wa rangi saba, utakaokukumbusha majina hayo kama haukujengwa juu ya faharasa inayoyajua.

Makala mashuhuri kuliko zote za mji huu ndiyo mtihani mzuri. Katika miaka ya 1970 timu iliyoshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp iliendesha Kasongo mradi wa afya ya msingi, na mwaka 1981 ikachapisha katika The Lancet uchunguzi wa watoto wa miezi 7 hadi 35 waliochanjwa surua: je, chanjo iliwaokoa, au iliahirisha tu kifo ambacho kingekuja kwa ugonjwa mwingine? Mabishano yake yalidumu miaka mingi na kufika hadi Guinea-Bissau, kwa mtafiti Peter Aaby. Na nani aliyeiandika? Timu ya Mradi wa Kasongo. Hakuna jina la mtu. Sasa fikiria mwanafunzi aliyechoshwa na akina Kasongo wa Lubumbashi. Anatumia NOT, anaamuru kiondolewe kila kilichoandikwa na Kasongo, anajipongeza, na huenda makala ya The Lancet imetoka pamoja nao kwa mlango huohuo, kwa kosa la kuwa na mwandishi aitwaye Kasongo.

Watasema: haya yote ya nini siku hizi, si umuulize akili mnemba? Watafiti wa Queensland, akina Shuai Wang, waliijaribu ChatGPT mwaka 2023 kwa kazi hiihii ya kutunga maombi ya Boole. Ilileta vichache vinavyofaa na kuacha vingi, na baadhi ya istilahi za MeSH ilizitoa kichwani mwake tu. Hata ingekuwa hodari mara kumi, ombi ililotunga bado linahitaji jicho la mtu kulikagua, na jicho linahitaji kuonyeshwa kitu. Wakutubi wazoefu nao watacheka, kwa kuwa wao wanaandika mistari yenye namba, mmoja mmoja, kisha wanaunganisha mstari wa kwanza na wa nne. Wana haki ya kucheka. Kando ya kila mstari wao huona idadi ya makala, jambo ambalo watengeneza michoro wengi walilitupa walipokuwa wanatafuta urembo. Ninachoomba ni idadi hiyo irudishwe ndani ya mchoro. Na kwa kuwa mwongozo wa PRISMA-S wa mwaka 2021 unataka mkakati uripotiwe neno kwa neno jinsi ulivyoendeshwa, mchoro lazima utoe maandishi ya kunakili. Picha ya skrini haitoshi.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kasongo kwenyewe: umeme haupo, mtandao unakuja unapotaka, na mchoro mzito hautafunguka. Ni kweli, ndiyo maana ubao huo ungepaswa kufanya kazi bila mtandao, mtu akapanga vipande vyake usiku kucha kwenye simu, kisha akatuma maandishi mafupi dakika ile mnara unapoamka. Idadi ni tarakimu chache, hazili mega. Kinachokula mega za mwanafunzi ni makala ishirini alizopakua akidhani zote zinahusu malale, ambayo kifupi chake kwa Kiingereza ni HAT, kumbe kumi zinahusu kimeng'enya kinachobandika asetili kwenye histoni, na mojawapo inahusu kofia. Tangu mwaka 2002 WHO, kupitia HINARI, imefungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Kongo ikiwemo. Mlango uko wazi. Anayeandika ombi baya anapita nje yake akidhani ni ukuta.

Kuna anayesema pia kwamba maandishi kuhusu Kasongo na Kabambare ni machache, neno moja latosha. Hesabu inapinga: penye makala elfu kumi, ukipoteza ishirini hakuna atakayejua, lakini penye ishirini, ukipoteza nne umepoteza sehemu ya tano ya elimu yote. Basi atakayejenga ubao mpya asiupime kwa saratani na kisukari, ambako kila amri inarudi na shehena. Aupime kwa Kabambare. Ukileta Bambarre ya Livingstone bila kumleta Mbambara hata mmoja, na kuonyesha wazi ni nani walioachwa nje, upewe mtihani wa pili: mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye vitabu vimemwandika Tippoo Tib na Tippo Tip, na ambaye jina lake halisi, Hamed bin Muhammed al-Murjebi, nalo lina tahajia zake.