Taja Faida Tano za Kukimbia

Huku Uru, Moshi, tumezoea mvua na mitaala. Mvua ina heshima kidogo, hutanguliza mawingu. Mtaala huu mpya wa shule ulianza kutuingilia Januari 2024, sisi wazazi tukawa tunauokota vipande vipande kwenye redio na kwa majirani.

Nilichookota ni hiki. Siku hizi mwanafunzi anachagua. Kuna mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi. Ndani ya ule wa jumla kuna masomo ya lazima, halafu kuna ya kuchagua, na humo kwenye ya kuchagua ndimo walimozipanga starehe zote ambazo sisi tulichapwa tukikutwa nazo: michezo, muziki, sanaa za maonesho, mpaka kompyuta. Machi 2024 Serikali ikaongeza na tahasusi za kidato cha tano zikafika 65, zikiwamo za michezo na za sanaa. Zamani mzazi akishazijua PCM, PCB, EGM na HGL alikuwa amehitimu, anaweza hata kumshauri jirani. Sasa nikiulizwa na jirani najifanya nina simu.

Binti yangu aliileta fomu yake ya kuchagua masomo mwezi Desemba. Hapo alikosea mkakati, maana Desemba ukoo wote uko nyumbani: wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, na wengine ambao sijui wanaishi wapi ila mtori wanaujua ulipo. Fomu ikawekwa mezani katikati ya chupa ya chai na sahani ya ndizi, ikageuka ajenda.

Baba yake mkubwa wa Dar hakuisoma hata. "Andika Fizikia, Kemia, Baiolojia. Ukoo huu unahitaji daktari." Ukoo huu una madaktari wawili tayari, na wote wawili ukiwapigia simu hawapokei. Shangazi yake akasema kompyuta ni sawa, mradi asiishike. Wakasoma mbele wakakuta Biashara ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi, na hapo kikao kikavunjika kwa kicheko. Kumlazimisha mtoto wa Kichagga asome biashara! Baba yangu mdogo, mwenye duka Mbuyuni tangu sijaoa, akauliza kama wanatafuta walimu.

Kazi ikawa kwenye michezo. Babu yake akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo nitauza mbuzi ulipiwe ada ukacheze?"

"Samahani babu, ni somo kama mengine. Halafu michezo ni kazi. Mwanariadha wetu Simbu alikimbia Tokyo mwaka 2025 akaleta dhahabu ya dunia ya marathoni."

Babu akafikiri. "Na huyo Simbu alisoma PCB?"

Hakuna aliyemjibu. Mwisho wake binti akaruhusiwa michezo, sanaa za maonesho na kompyuta kwa sharti kwamba Baiolojia ibaki, iwapo wale madaktari wawili wataendelea kutopokea simu.

Januari masomo yakaanza. Siku moja jioni nikalifungua daftari lake la michezo. Ukurasa wa kwanza: maana ya michezo. Wa pili: historia ya michezo, kuanzia Wagiriki. Wa tatu: taja faida tano za kukimbia. Alikuwa amezitaja zote tano, kwa Kiingereza, maana sekondari hata jasho hutoka kwa Kiingereza. Mwalimu kaweka tiki nyekundu tano, kila moja imepigwa kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi.

"Na mmeshakimbia?" nikamuuliza.

"Bado baba. Kukimbia ni mada ya saba."

Ananijibu hivyo huku anatua mzigo wa majani ya ng'ombe, ametoka nao bondeni, kaupanda nao ule mlima wetu ambao bodaboda wa mjini akiuona anaanza kupatana bei upya. Kesho yake alfajiri atashuka kwenda shule, jioni atapanda. Mtoto wa huku miguu yake imeshafanya mtihani wa taifa, imekosa msahihishaji tu. Nimechungulia shuleni kwao nikauliza mpira uko wapi. Upo. Ni mmoja, unalala ofisini, na hutolewa siku anapokuja mgeni rasmi, akishaondoka unarudi ofisini kupumzika.

Hapo ndipo ninapochoka. Hapa Moshi mjini kuna shule ya kimataifa iliyoanza mwaka 1969, leo inaitwa UWC East Africa. Wanafunzi wake hupandishwa milimani, na hiyo inahesabiwa kuwa ni masomo. Vizuri sana, siwaonei wivu, ada yao nikiisikia nakaa chini. Lakini mlima Kilimanjaro si uleule? Vijana wetu wa Uru, Kibosho na Marangu wanaupanda kila msimu wa watalii, mpaka kambi za juu, wamebeba mzigo ambao kanuni za hifadhi zinasema usizidi kilo 20. Kilele kiko mita 5,895 kwa wote. Mmoja akishuka anaandikiwa ripoti nzuri ya shule, mwingine akishuka anasubiri bahashishi getini. Na huyu wa pili ukimpa mtihani wa michezo atafeli, kwa sababu hajui Wagiriki.

Sanaa za maonesho sijui niseme nini. Ratiba inasema kuna kipindi cha kucheza ngoma. Nikafurahi, nikadhani watoto watafundishwa iringi, ngoma yetu, kabla wazee wanaoijua hawajaisha. Kumbe nako ni daftari: taja aina za ngoma, eleza umuhimu wa ngoma katika jamii. Na wiki ileile ya umuhimu wa ngoma katika jamii, wanafunzi wawili wakarudishwa nyumbani waje na mzazi, kosa lao wamecheza. Walijirekodi nyuma ya bweni wakatupia video TikTok. Nimeiona hiyo video. Hatua zimepangika, mikono inakwenda pamoja, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Kama huo si mtihani wa vitendo sijui mtihani ni nini.

Tena msiniambie kucheza hakuna faida, hasa hapa Kilimanjaro. Harusi gani ya kwetu ndafu inaingia ukumbini kimya? Mbuzi mzima kabanikwa, kasimamishwa kwenye meza, majani mdomoni, mbele yake vijana wanacheza hatua walizofanyia mazoezi wiki tatu, na ukumbi mzima umesimama simu juu. Wale vijana wanalipwa. Anayewafundisha analipwa. MC analipwa kuliko mimi ninayeuza mitumba Kiborloni toka asubuhi mpaka jua linazama. Anayekula bure pale ni kamati peke yake. Kwa hiyo soko lipo na mafundi wapo, tena wengine wamefunzwa Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Shule ingemwita mmoja wao mara moja kwa wiki, binti yangu angejua kitu. Badala yake anajua umuhimu.

Kompyuta nayo ina habari yake. Niliongozwa mpaka mlangoni mwa chumba chenyewe nikachungulia dirishani. Ziko, kila moja imevikwa kitambaa cha kufuma, maua ya njano na nyekundu, kama makochi ya sebule ya askofu. Mlango una kufuli. Ufunguo anao mwalimu mmoja ambaye alikuwa semina. Nilipouliza atarudi lini nikaambiwa akirudi atakuta umeme haupo. Watoto wanasoma nadharia: sehemu za kompyuta, kazi za kipanya, hatari za virusi. Binti yangu anaweza kuichora kompyuta vizuri kiasi kwamba ukiona mchoro wake unatafuta pa kuchomeka chaji. Mwaka 2018 kulikuwa na mwalimu wa Ghana aliyechora ukurasa mzima wa Microsoft Word ubaoni kwa chaki, dunia ikamwonea huruma, akatumiwa kompyuta. Yule hakuwa nazo. Sisi tunazo, zimevaa.

Msidhani mimi ni adui wa haya mambo. Nilisoma sekondari enzi za michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na shule ziliichukua kwa uzito, pengine uzito uliozidi kidogo mgongo wangu. Mimi nilikuwa mchepuo wa kilimo. Tulilima kweli. Tulifuga nguruwe wa shule, na nguruwe akitoroka tulimkimbiza mpaka tumkamate, kwa hiyo mazoezi ya viungo yalikuwa humohumo. Mwalimu wetu hakuwahi kutuuliza faida tano za jembe. Alikupa jembe, akakuonyesha mpaka wa tuta lako, akaenda kunywa chai. Majirani zetu wa Moshi Ufundi walishika randa na tindo, leo wengine wao ndio wamepiga paa za nusu ya nyumba za mji huu.

Basi amali hii mpya na haya masomo ya kuchagua mimi nayaunga mkono, na babu nimemweleza naye anayaunga mkono, isipokuwa mbuzi hajamuuza bado. Ninachosema ni kwamba somo lisilo na mwalimu, wala mpira, wala ufunguo, lisiwekwe kwenye fomu. Mtoto akilichagua anapoteza miaka yake, na mzazi anapoteza Krismasi nzima akilitetea mbele ya ukoo. Na mtihani wa kidato cha nne unamsubiri. Si mbali.

Nawaomba wakuu wa shule wa mkoa wetu watoe ile mipira ofisini. Na kwa mwalimu mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta, shikamoo, tunauomba kabla shule hazijafunga mwezi wa sita.