Stima Zikirudi, Picha Zimekwenda

Kitengela kuna mtu anayeshukuru stima zikipotea. Majirani wakililia nyama iliyo kwenye friji, yeye hujifungia bafuni na mkanda wa filamu, akaziba upenyo wa mlango kwa taulo, akaanza kupapasa gizani ili auviringishe ndani ya tangi la kuoshea. Kazi hiyo haitaki hata chembe ya mwanga. Jioni moja giza lilikuwa tamu kweli, mpaka stima zikarudi ghafla na balbu ya bafuni, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikawaka kama jua la saa sita. Picha za ubatizo wa mpwa wake zikaishia hapo.

Dadake anauliza hadi leo: mtu ana simu yenye kamera tatu, anajitesea nini?

Ni swali la haki. Kodak iliomba kinga ya mufilisi Januari 2012, na wengi wakaitangazia filamu matanga. Kumbe bado. Filamu yake ya Ektachrome, iliyokuwa imeondolewa sokoni, ilirudi mwaka 2018. Mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, ambayo huigawa fremu nusu kwa nusu, na mkanda wa picha 36 ukatoa 72. Kwa bei ya mikanda siku hizi, huo ni msaada kwa familia.

Kitengela nayo ina mitihani yake. Vumbi la kiangazi likiingia kwenye kamera huikwaruza filamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Maji ya kisima yana chumvi, na yakikauka juu ya negativu huacha madoa, hivyo kusuuza kwa mwisho hufanywa kwa maji ya betri kutoka kituo cha petroli. Dawa ya kwanza ya filamu ya rangi hutaka nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15. Ndizo dakika ambazo mwenye nyumba huchagua kubisha hodi.

Watoto wa mtaa wakipigwa picha hukimbilia nyuma ya kamera waione, wakakuta ubao mweusi. Wazee ni tofauti. Mzee yuleyule anayeamrisha vijana wa simu wafute, kwa kuwa alifumba macho, akiiona kamera ya filamu hunyoosha shuka, hushika rungu vizuri na kuzuia pumzi, kama wateja waliokuwa wakiingia studio ya N. V. Parekh kule Mombasa enzi hizo. Hapo ndipo utamu wa filamu ulipo. Chengachenga zake hata programu ya simu huziiga. Lakini picha isiyofutika humfanya mtu ajipange.

Ila kuna kujipanga kusikosaidia. Mkanda aliopigia soko la mifugo la Bissil aliurudisha kwenye kikopo chake, ncha ikabaki nje, na mkanda wenye ncha nje huonekana mpya. Jumamosi akaupachika tena, akaenda harusini. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi, basi yote yakatoka pamoja: mchungaji akiwahubiria mbuzi, bwana harusi ana pembe, shela ya bibi harusi imejaa kondoo. Picha alizipeleka huku ameshatanguliza pole. Shangazi ya bibi harusi akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Hawa wote," akasema, "mbona hawakutajwa siku ya mahari?"