Jinsi ya Kuwapakia Gari Moja Askari Wasiopikika Chungu Kimoja

Usianze na maiti. Najua inavutia: binti anaanguka kutoka ghorofani, benki inavunjwa, mtoto wa balozi anatekwa. Yote hayo yatapata nafasi yake. Wewe unayetaka kuandika filamu ya askari wawili wasiopatana, anza na gari. Tafuta gari moja tu, kisha weka kwenye viti vya mbele watu ambao, pasipo amri ya mkubwa wao, wasingekubali hata kusimama foleni moja.

Gari si pambo. Askari wa doria katika miji mikubwa ya Marekani hushinda humo zamu nzima, bega kwa bega, wakinusiana jasho. Polisi wa Los Angeles wana hata jina la redioni la gari lenye askari wawili, Adam, na mwaka 1968 jina hilo likaingia kwenye televisheni katika tamthilia ya Adam-12: mkongwe aliyefiwa na mwenzake kazini, na kijana aliyeajiriwa juzi. Huwezi kususa ukatoka nje wakati gari linakimbia na king'ora kinalia. Mpe mtazamaji ugomvi usio na mlango wa kutokea, naye hatabanduka kitini.

Sasa chagua tofauti yao, na hapa usiwe mvivu. Mmoja mweusi, mwingine mweupe. Mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mmoja hali nyama, mwingine hali kingine. Mtazamaji atayazoea hayo ndani ya dakika kumi. Tofauti inayodumu iko kwenye kile ambacho kila mmoja anaogopa kukipoteza. Tazama Lethal Weapon ya 1987, iliyoandikwa na Shane Black akiwa bado kijana wa miaka ishirini na ushei na kuongozwa na Richard Donner. Roger Murtaugh ndiyo kwanza anatimiza miaka 50, na familia yake inamvamia bafuni na keki. (Danny Glover aliyemwigiza alikuwa na miaka 40 tu, lakini uchovu ule wa mabega utaapa ni wa mzee.) Martin Riggs wa Mel Gibson amefiwa na mkewe, anaishi na mbwa kwenye trela ufukweni, na ametenga risasi maalumu ya kujiulia. Mmoja ana kila sababu ya kurudi nyumbani jioni, mwingine haoni hata moja. Kuanzia hapo kila bastola inapofyatuliwa unaomba mambo mawili kwa pumzi moja: yule asife, na huyu asitake kufa.

Ukitaka kuwapa wanawake kazi hiyo, na ninakusihi uwape, jifunze kwa Cagney & Lacey, tamthilia ya New York ya miaka ya 1980. Christine Cagney hajaolewa na anataka kupanda cheo. Mary Beth Lacey ana mume na watoto. Mji uleule, kesi ileile, ila kila mmoja huipima kwa nyumba anayorudi usiku. Kuanzia 1983 hadi 1988, tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia ilikwenda kila mwaka kwa mmoja wao, Tyne Daly au Sharon Gless. Miaka sita mfululizo, haukuponyoka hata mmoja!

Hakikisha pia kwamba hakuna anayewataka. Katika Rush Hour ya 1998, mpelelezi Lee wa Hong Kong, yaani Jackie Chan, anafika Los Angeles kumtafuta binti wa balozi mdogo wa China, na FBI hawataki aguse kesi yao. Wanaomba polisi wa jiji watoe mtu wa kumtembeza mgeni huyo mbali na kazi. Anatolewa Carter wa Chris Tucker, kwa sababu kituoni kwake wamemchoka. Carter anadhani amepewa kesi kubwa, kumbe amepewa ulezi. Watu wawili waliotupwa pamoja hawana budi kutafuta thamani yao kwa mwenzao, na wewe mwandishi umepata injini ya filamu nzima bila gharama.

Ila nakukataza jambo moja kwa ukali wote nilio nao: usimfanye mmoja kuwa mjinga ili mwingine ang'ae. Carter anamwaga maneno akidhani Lee hajui Kiingereza. Lee anamwacha aseme mpaka amjue alivyo. Anayenyamaza ndiye aliyeshika usukani wa mazungumzo. Ukimnyima mmoja akili, hujaandika tena filamu ya wawili. Umeandika ya steringi na mchukuzi wake.

Kesi sasa. Iwe ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, na imguse mmoja wao ngozini. Hakuna aliyefanya hivyo vizuri kuliko Akira Kurosawa katika Stray Dog ya 1949. Murakami, mpelelezi kijana aliyechezwa na Toshiro Mifune, anaibiwa bastola yake ndani ya basi, katika joto la kuunguza la Tokyo ya baada ya vita. Kisha risasi zake zinaanza kuumiza watu. Anapewa mkongwe wa kumwongoza, Sato wa Takashi Shimura, mtu mpole aliyekwishakamata wahalifu wengi mno kuendelea kuwawaza. Mhalifu wanayemsaka alirudi kutoka vitani akaibiwa mkoba wake wa kijeshi wenye kila alichokuwa nacho. Murakami naye alirudi kutoka vitani, naye akaibiwa mkoba vilevile. Mmoja akawa jambazi, mwingine akawa polisi. Kijana anamhurumia anayemfukuza. Mzee anasema kazi ni kumkamata, huruma ni ya waandishi wa vitabu. Hilo ndilo gomvi ninalokutaka uandike, gomvi ambalo kila upande una haki. Miaka 33 baadaye, 48 Hrs. ya Walter Hill iliwasha moto kwa kuni zilezile: bastola ya askari inachukuliwa na muuaji, na askari halali tena.

Baada ya hapo, walishe. Sitanii, andika mlo. Sato anamchukua Murakami nyumbani kwake, watoto wamelala, wanakunywa bia. Murtaugh anamkaribisha Riggs kwenye meza ya familia, na mtu aliyekuwa hana sababu ya kurudi popote anaonjeshwa nyumba. Katika The Heat ya 2013, Sandra Bullock ni ofisa wa FBI aliyelelewa katika familia za kambo, asiye na rafiki ila paka wa jirani. Anaingizwa katika nyumba ya kina Mullins huko Boston, ambako watu wote hupayuka kwa wakati mmoja, na askari mwenzake, Melissa McCarthy, yuko katikati yao. Mafukuzano ya magari yanafanana kila filamu. Mezani ndipo mtu anapojua mwenzake amebeba nini, na mimi nakata tiketi kwa ajili ya meza hiyo.

Halafu kuna radhi, na hapa ndipo wengi wanapokimbia. 48 Hrs., iliyotoka 1982, ilikuwa filamu ya kwanza ya Eddie Murphy. Anamwigiza Reggie Hammond, mfungwa aliyetolewa kwa saa 48 ili amsaidie askari Jack Cates, yaani Nick Nolte, kumpata muuaji huyo hapo San Francisco. Cates anamtukana Hammond kwa rangi yake tangu mwanzo. Wanapigana ngumi mtaani. Na inapofika zamu ya kuomba radhi, Cates anajitetea kwamba ilikuwa sehemu ya kazi yake kumkandamiza, na Hammond hamkubalii: kazi haielezi yote. Tukio lenyewe ni fupi, lakini lina uzito kuliko milipuko yote ya filamu hiyo. Filamu hizi zimezoea kutuchekesha kwa raia aliyepigwa ukutani bila kosa, kana kwamba beji inafuta machungu yake. Usifanye hivyo. Watazamaji wako wengi wamewahi kuwa yule raia. Askari wako akimkosea mtu, alipe, na malipo yaonekane.

Mkubwa wa kituo usimsumbukie sana. Mpe ofisi yenye vioo, sauti ya kuvitikisa, na moyo wa mjomba. Inatosha.

Ukimaliza rasimu, ipitishe kwenye kipimo cha kibanda umiza, lile banda la mtaani la kuonyeshea video. Filamu hizi ziliingia Afrika Mashariki kwa kanda na baadaye diski, na wengi wetu tulizipata kupitia midomo ya watafsiri: Lufufu huku Tanzania, DJ Afro kule Kenya. Mtafsiri akiwa na askari wawili wanaogombana, anawagombanisha upya kwa Kiswahili cha mtaani, anawaongezea matusi ya heshima na vijembe, na benchi zima linachukua upande. Nani aliiba fedha za nani, watu walisahau kabla hawajafika nyumbani. Hivyo jiulize: mtafsiri akiruka maelezo yote ya kesi yako, je, benchi litaendelea kupiga kelele? Kama litanyamaza, rudi kwenye gari uandike upya.

Na ukipata bahati ya kuombwa sehemu ya pili, utakuta shida mpya: wamekwishapatana. Usiwagombanishe tena kwa nguvu. Watu watakumbuka kwamba walishakula pamoja. Fuata Lethal Weapon 2 ya 1989, ilipoletwa sura ya Leo Getz, mhasibu aliyesafisha fedha za wauza dawa za kulevya, sasa shahidi anayelindwa na wale wawili. Joe Pesci alimwigiza kwa ulimi usiojua koma. Tafuta wako wa aina hiyo, mweke kiti cha nyuma, na umwache aseme mpaka Riggs wako na Murtaugh wako wageuke kwa pamoja na kumwambia neno moja lilelile.